Siku kumi ndani ya Noah

Mume kapata uhamisho wa Njombe, mke hataki kuhama Dar. Badala ya kuendelea kununiana sebuleni, waling'oa viti vya gari, wakatandika godoro na kwenda kuuangalia huo mji wenyewe. Mhariri wetu anasimulia yaliyomkuta.

Mpenzi msomaji, hivi umewahi kuishi na mtu wako siku kumi mfululizo kwenye nafasi ya godoro la nne kwa sita? Sizungumzii fungate ya Zanzibar, na kitanda chenye maua. Nazungumzia gari, tena gari lenyewe Noah, lile lile linalobeba abiria na mikungu ya ndizi kila kona ya nchi hii. Unapika nje, unalala ndani, na ukinuna huna chumba cha pili cha kwenda kununia.

Sisi tumeishi hivyo Julai 2024, katika miji miwili ya Nyanda za Juu Kusini, Makambako na Njombe. Na nakwambia ukweli, hatukwenda kutalii. Tulikwenda kuamua kama ndoa yetu ya miaka sita itaishi nyumba moja au mbili.

Barua iliyoleta moto

Mume wangu ni mtu wa kilimo. Mwezi Mei alirudi nyumbani na barua ya uhamisho, kituo kipya Njombe, aripoti Agosti. Mimi kazi yangu ni hii unayoisoma, na ofisi iko Dar. Nilichojua kuhusu Njombe wakati huo ni vitu viwili tu: baridi na viazi.

Wiki tatu tulizungumza kwa meseji tukiwa nyumba moja. Yeye anasema, "Twende tu, utapazoea." Mimi najibu, "Nenda, utanikuta likizo." Nadhani wengi wenu mnaijua hali hii. Mmoja anapata kazi Mwanza, mwingine yuko Mtwara, na mapenzi yanageuka kuwa tiketi za basi na vocha.

Wazo la gari lilitoka kwa rafiki yangu anayeishi London. Alinisimulia kuhusu watu wa kule wanaoishi kwenye boti nyembamba zilizoegeshwa kwenye mifereji ya mji, boti zenye upana wa mita mbili na kidogo, zina jiko, kitanda na bomba la moshi. Asiye na maegesho ya kudumu haruhusiwi kuganda sehemu moja, na kwa kawaida mwisho ni siku 14, kisha anasogea. Kwa hiyo anaujua mji mtaa kwa mtaa, duka kwa duka, kama mwenyeji.

Nikamwambia mume wangu, "Kama unataka niishi Njombe, basi usinipeleke hotelini. Hotelini kila mji ni mzuri." Akakubali haraka mno, hata nikashangaa. Sababu ya haraka hiyo nilikuja kuijua baadaye, subiri.

Makambako, mji usiolala

Kutoka Dar hadi Makambako ni zaidi ya kilomita 600 kwa barabara kuu ya TANZAM. Unapita Mikumi kwenye wanyama, unapanda mlima Kitonga ukiwa nyuma ya malori, unaiacha Iringa na Mafinga, na ukianza kuhisi masikio yanaziba na upepo unasukuma gari pembeni, ujue umefika.

Huo upepo si wa mchezo. Makambako ni moja ya sehemu zilizopimwa kwa ajili ya umeme wa upepo, kama ilivyo Singida. Usiku wa kwanza Noah yetu ilitikisika mpaka nikadhani kuna mtu anaisukuma.

Kwa nini mji huu umekua? Angalia ramani. Hapa ndipo barabara ya kwenda Njombe na Songea inapochepuka kutoka barabara ya Mbeya, Tunduma na Zambia. Na hapa hapa ndipo reli ya TAZARA inapokutana na barabara hiyo. Reli hiyo ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ilijengwa kwa msaada wa China, kati ya mwaka 1970 na 1975. Kipande kilichowatoa wajenzi jasho kuliko vyote ni cha kutoka Mlimba kupanda hadi Makambako, maana milima ni mikali, na mahandaki mengi ya reli nzima yako huko. Kwa hiyo treni ikifika stesheni ya Makambako imeshamaliza kazi ngumu. Sisi ndiyo kwanza tulikuwa tunaianza ya kwetu.

Tuliegesha kwenye uwanja wa gesti moja ya mama wa makamo. Tulimwamkia, tukamweleza shida yetu, akacheka mpaka akakaa chini. "Mna gari zuri hivi halafu mnakosa hela ya chumba?" Tulipomwambia tumeamua wenyewe, akanitazama mimi, si mume wangu. "Haya mwanangu. Lipeni maegesho na maji ya moto. Lakini mkigombana usiku, msiniamshie wageni." Yeye ndiye aliyetuambia kwamba, kwa wanavyosimulia wazee, jina la mji limetoka kwenye neno la Kibena la madume ya ng'ombe.

Asubuhi tulizunguka kwa miguu. Julai ni msimu wa mahindi makavu, na sokoni magunia yanapangwa kama ukuta. Kuna maharage ya kila rangi, viazi mviringo, nguo za mitumba, na makoti mazito ambayo Dar ungeonekana umechanganyikiwa ukiyavaa. Nilinunua koti la sufi. Mume wangu akaliangalia, akatabasamu. Akadhani ni dalili nzuri. Nikamwambia, "Usifurahi, ni baridi tu."

Wenye nyumba za magurudumu

Jioni ya pili tukahamia karibu na sheli moja wanakoegesha malori. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sisi na Noah yetu tulikuwa tunaigiza tu. Wenye maisha hayo ni madereva wa malori ya Zambia na Kongo. Nyuma ya kiti cha dereva kuna kitanda. Chini ya tela kuna sanduku, ndani yake sufuria, unga, kitunguu na jiko. Tandiboi anapika, dereva anakagua matairi, na kila mmoja anajua jirani yake wa usiku huo anaelekea wapi.

Dereva mmoja, mtu mzima mwenye mvi kidogo, alitukaribisha ugali na dagaa. Akaniita shemeji kabla hata hajajua jina langu. Nilimuuliza anaonana vipi na familia.

"Shemeji, kwa mwezi nalala nyumbani usiku nne, tano. Mwanangu wa mwisho alipokuwa mdogo nilikuwa nikifika, analia. Ananiona mgeni."

"Na mama watoto?"

Akachochea moto. "Mama watoto amezoea. Hilo ndilo linaloniumiza. Ningefurahi kama angekuwa bado hajazoea."

Mume wangu akaacha kula. Hakuna aliyesema neno hadi tulipoingia garini. Mimi ndiye niliyekuwa nikisema kila siku, "Tutazoea kuishi mbalimbali." Usiku ule neno hilo halikunipendeza tena.

Kilomita sitini za kijani

Kutoka Makambako hadi Njombe ni kama kilomita 60, lami, kona na vilima. Ni kipande cha barabara ya Songea iliyojengwa kwa lami miaka ya 1980. Usikimbie hapa, kwanza kwa sababu ya ukungu, pili kwa sababu utakosa kuona.

Unaona misonobari na mikaratusi. Unaona miwati, ile miti ambayo gome lake linatoa dawa ya kulainishia ngozi, na ambayo ndiyo iliyoanzisha kampuni ya TANWAT hapa Njombe mwaka 1949. Karibu na Kibena mashamba ya chai yanajipanga kama zulia lililonyolewa. Halafu parachichi. Kila penye nafasi kuna miche ya parachichi aina ya Hass, yale yenye ngozi ya mabonde mabonde yanayosafirishwa nje ya nchi. Mume wangu alisimamisha gari mara tatu kwenda kuongea na wenye mashamba. Mara ya tatu sikushuka. Nilibaki nikimwangalia kwa dirishani. Alikuwa anachora chini kwa kijiti, mzee wa watu anatikisa kichwa, wote wawili wanacheka. Nikajiuliza ni lini mara ya mwisho nilimwona akiwa hivyo Dar. Sikukumbuka.

Njombe mjini uko karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mkoa wenyewe ni mchanga, ulimegwa kutoka Iringa mwaka 2012. Watu wanakusalimia "Kamwene", nawe unajibu "Kamwene", na ukishajibu tu bei ya viazi inashuka kidogo. Jaribu.

Usiku wa jiko

Sasa nifike kwenye usiku ambao sitausahau.

Ilikuwa siku ya sita. Tuliegesha kwenye uwanja wa hosteli moja upande wa Mjimwema, mlinzi yuko getini, choo na bafu vipo. Baridi ya Julai ya Njombe si ya kusimuliwa. Asubuhi majani yanakuwa meupe kwa umande ulioganda. Nilikuwa nimelalamika kutwa nzima, miguu, mikono, pua, kila kitu. Nikajifunika mablanketi matatu, nikalala nikiwa nimekasirika.

Saa saba usiku nikaamka kichwa kinagonga kama ngoma, tumbo linachafuka. Ndani ya gari kulikuwa na joto zuri. Joto zuri mno. Nikapapasa, nikaona wekundu miguuni mwetu. Jiko la mkaa. Vioo vyote vimefungwa.

Sijui nguvu zilitoka wapi. Nilifungua mlango, nikalisukuma jiko nje kwa mguu, nikamvuta mume wangu kwa koti. Aliamka kwa shida, anaongea kama mlevi. Tulikaa kwenye majani ya baridi tukihema, mlinzi akaja anakimbia na tochi. "Jamani, jiko ndani? Watu wanakufa hivyo huku!"

Na ni kweli. Mkaa unaowaka kwenye nafasi iliyofungwa unatoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na haikuamshi, inakulaza moja kwa moja. Hata kama moshi umekwisha na mkaa umebaki mwekundu, sumu bado ipo. Asubuhi tulikwenda hospitali, wakatuangalia, wakatuambia tumshukuru Mungu.

Lakini kabla ya asubuhi kulikuwa na maneno. Nilimfokea palepale uwanjani, mbele ya mlinzi wa watu. "Ungeniua! Kwa nini hukuniuliza?" Akajibu kwa sauti ndogo, "Nilitaka usisikie baridi. Nilijua ukiulizwa utakataa."

Halafu akanyamaza kidogo, akaongeza, "Na uhamisho pia. Niliuomba mimi."

Msomaji, nilisahau baridi.

Kumbe barua ile haikutoka hewani. Aliomba tangu Januari. Dar alikuwa anakaa ofisini anasaini karatasi, roho yake iko shambani. Alijua nikiulizwa nitakataa, kwa hiyo hakuniuliza. Jiko lile na barua ile zilikuwa kitu kimoja, nia njema iliyofanywa nyuma ya mgongo wangu, na zote mbili zilikaribia kutumaliza.

Ningekuwa Dar ningekwenda kwa dada yangu. Pale sikuwa na pa kwenda. Nilikaa kiti cha mbele, yeye nyuma, milango wazi, hadi jua lilipotoka. Na kwa kuwa hakukuwa na televisheni wala simu yenye chaji, tuliongea. Mimi pia nilitoa la kwangu. Kazi yangu sehemu kubwa naweza kuifanya popote penye intaneti, na nililijua hilo tangu mwanzo. Nililificha kwa sababu nilitaka abembeleze, na kwa sababu niliogopa kuwa "mke wa bwana fulani" kwenye mji ambao hakuna anayenijua.

Njombe kwa macho mapya

Siku nne zilizobaki tuliziishi tofauti. Sheria ikawa moja, kila kitu kinaulizwa kwanza, hata kama ni kufungua dirisha.

Tulikwenda kwenye maporomoko ya mto Ruhuji, mwendo mfupi tu kutoka katikati ya mji. Maji yanashuka kwenye mwamba, na wewe unakaa na muhindi wako wa kuchoma bila kubughudhiwa na mtu. Tulizunguka soko kuu, tukanunua maziwa na jibini ya hapa hapa. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, msimu wake ni wa mvua, kwa hiyo Julai tulikosa ule mtamu wa asubuhi. Babu mmoja akatuambia, "Rudini Januari." Mume wangu akanitazama. Nikamjibu babu, "Tutaangalia."

Na kuna jambo jingine tulilifanya, nalisema kwa sababu gazeti hili halijawahi kuona aibu. Tulikwenda kupima. Mkoa wa Njombe ndio wenye kiwango kikubwa zaidi cha maambukizi ya virusi vya ukimwi Tanzania Bara. Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wenye miaka 15 na kuendelea, wakati kitaifa ni asilimia 4.4. Namba hizo si za kunyooshea mtu kidole. Watu wanaishi, wanatumia dawa, wanalea watoto. Lakini kama tunazungumza habari ya kuishi nyumba mbili, mmoja Dar na mwingine Njombe, basi tuzungumze yote, na hilo likiwemo. Kwenye benchi la kusubiri majibu alinishika mkono. Tangu ile barua ifike, ilikuwa mara ya kwanza.

Tuliamua nini?

Najua unasubiri nikwambie nimefunga virago. Hapana, wala sijakataa. Tulikubaliana miezi sita ya majaribio. Yeye aliripoti Agosti, akapanga nyumba ya vyumba viwili Mjimwema. Mimi wiki mbili Njombe, wiki mbili Dar. Ofisi ilikubali baada ya kunung'unika. Nauli ilitula, ukweli usemwe, na kuna wiki nilifika nikakuta ameshalala na viatu kwa uchovu. Miezi sita ilipokwisha tukaongeza mingine sita. Wapo walioniambia nimepoteza nafasi ya kupanda cheo, na huenda wana haki.

Lakini yule dereva wa Makambako namkumbuka kila nikipanda basi. Bado sijazoea kulala mbali na mume wangu, na sasa nalihesabu hilo kuwa jambo jema. Viti vya Noah tumevirudisha, isipokuwa kimoja cha nyuma. Hicho tumekubaliana, baada ya kuulizana, kibaki nje.

Ukitaka kujaribu na mwenzako

Usiegeshe kiholela. Omba uwanja wa gesti, hosteli au sheli yenye mlinzi, na lipia. Ukikaa mtaani zaidi ya usiku mmoja, jitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa.

Jiko lolote, la mkaa au la gesi, lipikie nje na libaki nje. Kwa baridi, tumia mablanketi, soksi na chupa ya maji ya moto. Acha kioo kidogo wazi hata kama upepo unauma.

Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya baridi kali. Ukitaka mvua na ulanzi, nenda Januari, ila vaa viatu vya matope.

Usiku mbili sehemu moja zinatosha, kisha sogea. Utaujua mji.

Na kama kuna barua uliyoificha, isome kwa sauti kabla hamjaondoka nyumbani.